Homa Iliyohesabiwa kwa Maharage

Juzi nilimpeleka mwanangu hospitali akiwa na homa. Wakamtoa damu, mashine ikanguruma kidogo, na kabla sijamaliza kumfuta machozi majibu yalikuwa mkononi mwangu. Daktari akasema ni virusi, apumzike, anywe maji. Nikacheka peke yangu pale kwenye benchi hadi mama mmoja akasogea pembeni. Ndugu yangu, ningemwelezaje kwamba majibu kama yale mimi niliwahi kuyapata Songea, yakiwa ya mahindi na maharage?

Nililelewa na bibi yangu huko huko, mtaa wa Majengo, miaka ile biashara huria iliporuhusiwa. Mitumba ilijaa, sabuni za majina ya ajabu zikajaa, na dawa nazo zikaanza kuuzwa karibu kila baraza. Ukitaka vidonge vya rangi mbili, unapata. Ukitaka kwinini ya sindano, unapata, na hakuna anayekuuliza cheti. Jirani yetu mmoja alikuwa mchoma sindano, na bomba lake alilichemshia kwenye sufuria ile ile ya kuchemshia mayai. Kwake homa ilikuwa moja tu. Ukiwa na joto una malaria, na ukiwa na malaria unalala kifudifudi.

Mtoto wa nyumba ya nyuma alichomwa na jirani huyo, na tangu siku hiyo akawa anaburuta mguu. Mimi nilikuwa na miaka tisa na shuleni hakuna msichana aliyewahi kunipita kwa mbio. Kwa hiyo nilipoamka na homa asubuhi moja ya Julai, baridi ya Songea ikiuma mpaka kwenye meno na uji haupiti kooni, sikuogopa kufa. Niliogopa mguu wangu.

Bibi alinipa klorokwini, homa ikabaki pale pale. Siku ya pili akamwita mchoma sindano aje mchana. Usimlaumu. Alikuwa amezika binti yake kwa homa, na tangu hapo joto la mtoto lilimchanganya akili. Nikamng'ang'ania kanga nikilia, "Bibi, nipimwe kwanza! Nipimwe tu!" Akanitazama, akanibeba mgongoni, mimi mtu mzima wa miaka tisa, tukapanda hadi zahanati ya misheni.

Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye harufu ya spiriti, na mtu wa maabara alikuwa mwembamba, sweta lake limetoboka viwiko.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Huyu ana malaria, andika tu tukamchome."

"Tuiulize damu kwanza, bibi."

Akanitoboa kidole, akapaka damu kwenye vioo, akavitia rangi. Umeme ulikuwa umekatika, kama kawaida yake, kwa hiyo hadubini ilitegemea jua la dirishani, na jua lenyewe lilikuwa limejificha kwenye ukungu. Tukakaa tukilingoja. Bibi alisimama, akakaa, akasimama tena, maana mchana ulikuwa unakaribia.

Jua lilipotoka, yule bwana alichungulia muda mrefu, akasema vijidudu vya malaria hakuona hata kimoja. Kisha akavuta mabakuli mawili, moja la mahindi na moja la maharage, na kopo tupu. Kifaa cha kuhesabia hakuwa nacho. Jicho likiwa kwenye hadubini, akiona chembe nyeupe ya aina moja alidondosha punje ya hindi. Akiona ya aina nyingine, harage. Ti, ti, ti, mpaka zikafika mia.

Akamwaga kopo mezani. "Hawa ni askari wa mwili, bibi. Bakteria wakiingia, mara nyingi mahindi huzidi. Virusi wakiingia, mara nyingi huwa maharage. Kwinini haina kazi hapa. Anywe sana, na akizidiwa mrudishe hata leo."

Sasa, bibi alikuwa mkulima wa maharage. Maneno ya hadubini yangempita, lakini punje hazikumpita. Akavuta kiti, akazihesabu upya mwenyewe, fungu kwa fungu, kama anavyomkagua mchuuzi sokoni. Maharage yalikaribia mara mbili ya mahindi.

Nyumbani tukamkuta mchoma sindano ameketi kwenye kigoda, maji yanachemka.

"Mlazeni," akasema.

"Halali mtu hapa," bibi akajibu. "Nimehesabu kwa mkono wangu. Maharage yamezidi. Beba sufuria yako, baba, nenda salama."

Jirani aliondoka akidhani homa imempanda bibi.

Kesho yake niliamka na mashavu yamevimba kama nimeficha maandazi. Matubwitubwi! Umewahi kuona mtu akipigiwa vigelegele kwa kuvimba mashavu? Bibi alinitembeza mtaa mzima kunionyesha, na hilo ndilo kosa lake kubwa, maana wiki chache baadaye nusu ya watoto wa mtaa walikuwa wamevimba kama mimi. Lakini wazazi wao waliwapandisha zahanati, na ile sufuria ikarudi kwenye mayai. Mimi nikapona, nikarudi uwanjani, na bado hakuna aliyenipita.

Mtu wa maabara na bibi wote wamekwishatangulia, na kile chumba kimebomolewa. Bibi hakuwahi kukaa darasani. Nikimkumbuka namwona ameinama juu ya meza ile, anarudia kuhesabu, midomo inacheza, na watu wamejipanga foleni hadi nje. Yule bwana hakumharakisha. Alimngoja hadi punje ya mwisho.