Kiganja cha Mama Ukutani

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, saruji iliyokuwa ikipatikana kwa kibali ilijaa madukani Bariadi, na kamati ya kanisa letu kuukuu ikaamua kuta za nje zipigwe lipu. Kanisa lilikuwa la matofali mabichi. Wanawake wa kijiji ndio waliolikandika zamani kwa mikono yao, udongo na kinyesi cha ng'ombe, kisha likapakwa chokaa.

Mimi na mama mdogo tulipangiwa kukwangua chokaa upande wa magharibi. Ghafla akaacha kazi.

"Mwanangu, njoo. Mayu wako huyu hapa."

Udongoni palikuwa na alama ya kiganja, imezama vizuri, vidole vinne. Mama yangu alikatwa kidole cha mwisho na mundu akivuna mpunga. Alifariki kabla sijaanza kutembea na hakuacha picha hata moja. Niliweka mkono wangu mle. Ukaenea wote, isipokuwa kidole changu cha mwisho, kilichokosa pa kulala. Niliogopa, nikautoa, nikaurudisha tena.

Nilimwomba fundi aiache sehemu ile.

"Dada, nikiacha tundu maji yataingia," alisema, bila ubaya. Nilimtukana hata hivyo. Mwenyekiti wa kamati akaniambia kanisa si kaburi la mtu.

Wakapiga lipu. Tangu hapo kila ibada nilikaa upande ule, nikihisi kuna mtu amezibwa pumzi nyuma yangu. Sikusali. Nilisikiliza ukuta tu.

Saruji na udongo havishikani. Masika ya kwanza lipu ilianza kulia tupu ukiigonga, kisha kipande kikubwa kikaporomoka magharibi. Nilikimbia kwenda kuona. Mvua ilikuwa imeuosha udongo, na alama haikuwepo. Nililia kwa hasira mbele za watu.

Ndipo mama mdogo alipokigeuza kile kipande. Saruji ilikuwa imeingia ndani ya alama na kukaukia humo, na sasa mkono wenyewe ulikuwa umetokeza, mnene, wa vidole vinne, umeelekea kwetu. Mama mdogo alirudi nyuma. Mimi niliushika. Ulikuwa wa baridi, umelowa.

Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, na sikuwa na kumbukumbu ya kuwahi kumshika mama yangu mkono. Waliniita, wakaniita tena, nikashindwa kuuachia.