Esperance aliyeng'oa miche mizuri kwanza

Siamini bado. Tangu juzi natembea ndani ya nyumba, nakaa, nainuka, nashika simu nimpigie Esperance nimuulize kama ni kweli Esperance amekufa.

Ilikuwa homa tu. Alisema atameza dawa, atalala, Jumatatu tutaonana kazini. Juzi tumemzika.

Kwa wasiomjua: tulifanya kazi pamoja kwenye kitalu cha miche ya matunda hapa Goma. Yeye alikuwa agronome, mtaalamu wa mimea. Adui yake alikuwa vijinyoo vya udongoni, vile ambavyo macho hayavioni, vinavyojaza mizizi ya maprune, yaani nyanya za miti, vinundu hadi mti unakauka na matunda yake juu. Alitafuta mti wa msituni ambao mizizi yake haishikwi navyo, ili aunganishe mprune juu yake.

Mji wetu ni mawe ya volkano, udongo tunanunua kwa mifuko. Kila mtu anaomba udongo mzuri. Esperance aliomba ule ulioua shamba. Muuzaji wa udongo wa mtaa wa Ndosho akamwambia, "Mama, hii nilikuwa natupa." Akajibu, "Hii njo niko natafuta."

Na alijua kuniudhi, jamani. Mizizi haionekani bila kung'oa, basi aling'oa, na alianza na mche mzuri kuliko yote.

Muzee mmoja alitoka Kiwanja, kule Rutshuru, kwa pikipiki kununua miche. Akamwona Esperance anang'oa mche uleule yeye aliokwisha kuuchagua. "Mama, unaua mutoto mbele ya wageni?" Esperance akautikisa udongo, akamwonyesha vinundu. "Muzee, hii ingekufia kwako."

Muzee aliondoka mikono mitupu. Mimi nilinuna mchana kutwa, yeye akala hindi lake la kuchoma.

Nyuma ya nyumba ya mama yake ameacha miche ya aina moja ya msituni, ndani ya udongo ule mgonjwa. Wiki hii ndipo mizizi ilipopaswa kutazamwa. Ikiwa safi, wakulima wa Rutshuru wana pa kuanzia. Isipotazamwa, miaka yake yote imekwenda bure.

Jana nilikwenda kuing'oa, mama yake akakataa. "Mukono ya mutoto yangu njo ilipanda hii. Muiache." Nilirudi nyumbani, nikaendelea kutembea.

Leo asubuhi amenipigia mwenyewe. Nimemkuta amesimama mbele ya miche.

"Angefanya nini?"

"Angeng'oa, mama. Ule muzuri kabisa."

Akainama, akaung'oa yeye mwenyewe, akautikisa. Mizizi myeupe, haina hata kinundu kimoja.

"Hii ni muzuri ao ni mubaya?"

Nililia kwanza. Kisha nikamwambia, "Ni safi, mama." Akaketi chini, akaupakata.

Najua, Espe, mche mmoja si jibu. Kesho tunang'oa mingine, mimi na mama yako.

Lala, dada yangu, upumzike. Nina hasira na wewe. Ungengoja wiki moja tu.