Pampu Ilizimwa kwa Ajili ya Spika

Asubuhi hii Mama Pampu hasalimii mtu. Amepiga magoti kando ya pipa la chuma, analiviringishia karatasi ya foili safu juu ya safu, na kila kona anaikandamiza kwa dole gumba kama anayefinya kupe.

"Leo tunachoma nini, shangazi?" anauliza mlinzi mlangoni.

"Roho yangu," anajibu bila kugeuka.

Mlinzi anajiondokea taratibu.

Mama huyu ni fundi wa pampu katika maabara ya chuo. Aliingia hapo akiwa mfagiaji wa korido. Pampu alizijua kwa kumshikia spana fundi mzee aliyemtangulia. Kazi yake ni kunyonya hewa yote iliyomo ndani ya pipa, pabaki patupu kama juu ya mwezi. Humo kuna kipande cha jiwe, kidogo kama ukucha. Watafiti hukipiga kwa mkondo wa chembe, kuigiza upepo unaovuma kutoka kwenye jua.

"Sisi tumefunikwa," anamweleza mlinzi anaporudi, hasira ikiwa imetulia kidogo. "Hewa yetu na sumaku ya dunia vinatukinga. Mwezi uko uchi. Upepo wa jua unalichapa jiwe lenyewe, unabandua chembe, zinaruka juu. Hizo ndizo sehemu ya hewa ya kule. Nyembamba, mwanangu, chembe na mwenzake hawapigani hata kikumbo. Nyingine zinaanguka tena chini, nyingine zinakwenda moja kwa moja. Upepo uleule unatoa, uleule unanyang'anya."

Chembe hizo ni haba mno. Unyevu kidogo wa chumbani ukipenya, hazionekani tena. Ndiyo maana pipa huvishwa foili na kupashwa moto hadi litoe jasho lake lote, na pampu haizimwi kamwe.

Wiki iliyopita ilizimwa.

Ukumbi wa jirani ulikuwa na wageni, spika zikakosa umeme. Msimamizi wa majengo akachomoa plagi ya kwanza aliyoiona. Hotuba zikasikika vizuri sana. Hewa ikarudi ndani ya pipa, na kazi ya miezi ikaenda na maji, jiwe likiwa karibu kabisa kupigwa.

"Akaniambia, 'Mama, si nimeirudisha plagi?' Kama mtu aliyemwaga maziwa ya mtoto, halafu anajisifu kikombe amekiosha. Tena akaongeza, 'Kwani si pipa tupu tu hilo?' Tupu. Huo utupu nani aliutengeneza, mjomba wake?"

Mtafiti mkuu, binti anayelingana na kitinda mimba wake, alijifungia ofisini akalia. Mama Pampu alimgongea: "Toka, mwanangu. Machozi nayo ni unyevu. Njoo unishikie foili."

Kinachomuuma zaidi ni kwamba mwaka huu anastaafu. Miaka yote amewaandalia wengine utupu. Majibu ya jiwe hili aliahidiwa kuyaona yeye wa kwanza.

Sasa plagi imezungushiwa kizimba cha nondo, aliyekichomelea ni mume wa Mama Pampu. Msimamizi anachungulia, anakuna kichwa.

"Na umeme ukihitajika, mama?"

"Ufunguo ninao shingoni. Njoo uombe kwa adabu, nami nitakunyima kwa adabu."

Anawasha pampu, anaweka kiganja juu yake, anasikiliza. Inanguruma sawasawa.

"Chembe ya kwanza ikibanduka, nitawaaga," anasema. "Kabla ya hapo sitoki, labda wanichomoe mimi."