Dawa Zilizobaki za Mama Kulwa

Nakumbuka siku moja ya kliniki ambayo ningeweza ningeifuta, mwanangu, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Nilikuwa kijana, mhudumu katika zahanati moja kando ya ziwa, si mbali na Nkome. Kazi yangu ilikuwa kuwapima wagonjwa wa presha na kutazama kama wamemeza dawa zao. Koti langu jeupe lilikuwa jipya, nami nilijiona daktari.

Akaja Mama Kulwa, mchuuzi wa dagaa, mtu mzima anayeheshimika mwaloni kote, pale mitumbwi inapoteremsha samaki. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikampima. Presha ilikuwa juu mno. Nikafungua kibahasha chake, nikakuta dawa za karibu nusu mwezi bado zimo. Badala ya kumwita pembeni, nilikiinua kibahasha mbele ya benchi zima la wagonjwa.

"Mama Kulwa, hizi unamtunzia nani? Siku ukianguka juu ya dagaa wako, utasema umerogwa!"

Benchi likacheka. Yeye akavuta kanga hadi mdomoni, akasema, "Nilisahau, baba."

Mwezi uliofuata kibahasha kilikuwa kitupu. Na uliofuata pia. Nikamsifu kwa sauti ileile niliyomsutia. Presha haikushuka, lakini mimi nilikitazama kibahasha kuliko nilivyomtazama mtu.

Kisha akaanguka sokoni Geita. Kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vikalegea.

Nilipokwenda kumjulia hali, alikuwa ameegemea ukuta nje ya nyumba yake, maneno yakimtoka polepole. Nikamuuliza imekuwaje, ilhali dawa alimaliza zote.

"Ile inayonipeleka msalani kila saa? Siku ya soko, basi lingesimama mara ngapi kwa ajili yangu? Siku hizo sikumeza, na siku za soko ni nyingi. Zilizobaki nikazimwaga ziwani ili usije ukaziinua tena. Sangara wetu sasa hawana presha." Akacheka kwa upande mmoja wa uso.

"Mbona hukuniambia, mayu?" Mayu ni mama, kwetu Wasukuma.

"Nikuambie habari za msalani, wewe wa rika la Kulwa wangu, na benchi lile linasikiliza? Uliniamkia vizuri, mwanangu. Halafu ukanivua nguo."

Nilitazama chini.

Nilirudi kwa mganga wa zahanati, nikamweleza yote, na kosa langu pia. Akamwita Mama Kulwa, akampangia dawa nyingine na saa za kumeza zinazomfaa. Ilichukua muda mfupi tu, mwanangu, na hilo ndilo linaloniumiza. Maongezi mafupi kama yale ningeweza kuyaanzisha mimi tangu ile siku ya kwanza. Presha ilishuka. Mkono ule haukufunga gunia la dagaa tena.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Huenda nyumbani kwako yupo mwenye kisukari, mwenye kifafa, au anayemeza dawa za virusi maisha yake yote. Ukikuta dawa zimebaki, usipige kelele. Kaeni wawili, mahali pasipo masikio ya watu, umuulize kwa upole, "Siku zipi huwa ngumu kumeza?" Kisha nyamaza. Atakachosema kinaweza kuwa kidogo, hata cha kuchekesha: msala, njaa, kichefuchefu, jirani anayechungulia. Usikidharau. Wala msiache au kupunguza dawa kwa kujiamulia. Fuataneni kwa mganga wa zahanati, mkaseme ukweli wote. Aliyekaripiwa hujifunza kuficha, na ugonjwa hustawi mafichoni.

Sikuambii haya kwa kuwa nina hekima. Nakuambia kwa kuwa nina aibu, na aibu yangu ikikufaa wewe, haitakuwa imepotea bure.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akujalie masikio yenye subira kuliko ulimi, na wagonjwa wa nyumbani kwako wapate nafuu wakikuambia ukweli.