Fulani binti Fulani

Kazini walimwita Fundi Vichwa, na miaka ya mwanzo jina hilo lilimletea wateja wasio wake. Mama mmoja aliwahi kupita moja kwa moja hadi mezani kwake na chanuo mkononi, akaketi, akavua kitambaa, akauliza kusuka kunachukua saa ngapi. Lakini vichwa vya Fundi Vichwa havikuwa na nywele. Vilikuwa vile vijineno vinavyokaa juu ya kila ukurasa wa kitabu, jina la mwandishi kushoto, jina la sura kulia, ambavyo watu huvipita maisha yao yote bila kuviona. Yeye ndiye aliyevipanga kwenye kompyuta, pamoja na miguu yake, yaani namba za kurasa kule chini, miaka ishirini na miwili katika chumba cha kiwanda cha uchapaji kilichonuka wino. Ni kazi ambayo ukiifanya vizuri hakuna anayejua kama ipo. Ukikosea, kila mtu ana macho.

Dada yake alikuwa mkunga. Ndiye aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa, maana mama yao hawakuwa naye. Alipostaafu aliandika habari za uzazi alioushuhudia, daftari tatu zikajaa, akaja nazo kiwandani ndani ya mfuko wa sokoni.

"Miaka thelathini na minane nimejaza daftari la wodi," alimwambia mdogo wake. "Jina la mtoto lipo. La mama lipo. Hata la baba aliyekimbia lipo. La aliyempokea mtoto halina mahali. Wewe si ndiye wa vichwa? Basi niweke juu, kila ukurasa."

Alipoulizwa awekwe kwa jina lipi, la ubini wa baba au la marehemu mumewe alilolitumia kazini, alisita, akaomba wiki moja ya kufikiri. Fundi Vichwa hakusubiri. Alifanya kama alivyozoea mwandishi anapokuwa bado hajajulikana: kwa wanaume aliandika Fulani bin Fulani, kwa wanawake Fulani binti Fulani, apime tu nafasi itakavyokaa.

Wiki ilipokwisha dada akapiga simu, akachagua la baba. Likabadilishwa palepale. Sasa, vichwa vya kitabu hushikana, sura kwa sura. Ukibadilisha cha kwanza, vingine hufuata kama vifaranga. Ila sura ya saba ilianza na picha ya ukurasa mzima, na juu ya picha hapatakiwi neno, kwa hiyo Fundi Vichwa alikuwa ameukata ule mshikamano kwa mkono wake mwenyewe, kisha akasahau. Kuanzia hapo hadi sura ya kumi, upande wa kushoto ukabaki na Fulani wake. Alipokagua alikagua kulia, ambako majina ya sura hubadilika. Kushoto ni jina lilelile, la nini kulitazama? Na sura ya kumi aliipanga akilia, haioni vizuri skrini. Dada naye alipopelekewa nakala ya kusahihisha aliirudisha bila kuifungua. Fundi nimemlea mimi, alisema, nimkague nini tena? Kumbe mganga hajigangi.

Ijumaa mchana nakala mia tatu zilikuwa zimeshajalidiwa. Mama wa kujalidi, mtu wa utani, alifunua moja kuangalia gundi, akauliza huyu Fulani binti Fulani ni shoga wa nani. Fundi Vichwa alicheka kabla hajaelewa. Halafu akakamata ukingo wa meza.

Uzinduzi ulikuwa kesho yake, saa nne asubuhi, kwenye ukumbi wa zahanati. Alikimbia kwa tajiri mwenye kiwanda, na tajiri hata hakumfokea. Alimpa pole, ikawa mbaya zaidi. Mtambo ulikuwa umeshaanza vitabu vya shule na usingeachia mpaka mwisho wa mwezi. Akarudi akahesabu kurasa za kushoto: arobaini na moja, mara mia tatu. Alikata vipande vya karatasi vyenye jina sahihi, akajaribu kuvibandika kwenye nakala moja. Kufika kipande cha kumi kitabu kilikuwa kimevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Akaweka gundi chini. Maji yakimwagika hayazoleki, na ukweli ni kwamba alijua hivyo tangu kipande cha kwanza.

Jioni alikwenda kumwambia dada yake. Alimkuta anapiga pasi gauni la kesho, anaimba chinichini. Dada akamuuliza kama kitabu kimetoka vizuri.

"Kimetoka," akajibu.

Wanasema ulimi hauna mfupa. Wa kwake jioni ile ulikuwa mfupa mtupu. Alimkazia dada yake skrubu ya mkono wa pasi, akaaga.

Ukumbi ulijaa kina mama na watoto wao waliokwisha kuwa watu wazima. Baba mmoja mwenye ndevu alijitambulisha kuwa ndiye yule aliyetanguliza miguu, watu wakaangua kicheko. Kisha mkunga akaombwa asome kidogo. Fundi Vichwa, safu ya tatu, aliomba kimoyomoyo achague sura za mwanzo. Dada yake akafungua mwishoni.

Sura ya kumi ilikuwa ya uzazi wake wa kwanza kuupokea. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mchana, mvua imekata njia, hakuna mtu mzima wa kuita. Mtoto alipona. Mama hakupona. Mtoto mwenyewe ndiye huyo wa safu ya tatu.

Akavaa miwani, na kwa mazoea ya mtu wa kusoma daftari la wodi, akaanzia juu kabisa.

"Fulani binti Fulani," akasoma.

Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha. Yeye akafunua ukurasa, akafunua mwingine, na mwingine. Kisha akamtafuta mdogo wake kwa macho. Fundi Vichwa aliinuka nusu, akakaa.

"Ndivyo nilivyoandikwa," dada akasema bila hasira. Akaisoma sura yote hadi mwisho.

Baadaye watu walipanga foleni ya kutiwa saini, na kila mmoja alipata jina kamili la mkunga, herufi za kuviringa, hadi la babu. Fundi Vichwa alikuwa wa mwisho. Alisimama mbele ya meza, akamnyooshea nakala yake. Dada yake alikichukua kitabu, akaandika polepole kama wodini: jina la mtoto, jina la mama, tarehe, saa saba na robo mchana.

Mstari wa chini yake, wa jina la aliyempokea, akauacha wazi. Akafunika kalamu, akamrudishia kitabu.