Kitanda cha Mlangoni

Miaka yote aliyoishi kwenye kile kisiwa cha Mto Tana, Zipora Nkatha hakuwahi kununua kitu kwa bei ya kwanza. Hata mbuzi wa jikoni la shule, yeye alimpapasa kiuno kwanza ndipo aulize bei, na wauzaji wa Garissa walipomwona akishuka kwenye mtumbwi walianza kuapa mapema kwamba hawapunguzi. Mumewe, Mwalimu Mbaabu, alikuwa mkuu wa shule; Jumapili aliwahubiria askari wachache na makarani wa kutoka bara. Kanisa lao la Meru liliwatuma kwa muda mfupi tu, wakazeekea pale. Sasa ulikuwa mwaka wa 1998, mafuriko yameshuka, macho ya Mbaabu yamekwisha, na kanisa limewaambia warudi nyumbani wakapumzike.

Fahari ya Zipora ilikuwa bweni la wasichana. Kila mgeni wa kanisa aliyekuja, Zipora alimwonyesha vile vitanda na kumwambia kwamba wafugaji wameshaona faida ya elimu. Naye aliamini hivyo, hadi siku ile Korane, mfugaji wa Kisomali, baba yake Fowsiya wa bweni lile, alipovuka mto akiwa na kamba begani.

"Assalaam aleikum, Mama Zibora."

"Aleikum salaam, Mzee Korane. Umekuja kuniaga?"

"Kukuaga, na kuchukua Fowsiya na godoro yake."

Zipora alicheka. "Muhula haujaisha. Au umepata mkwe mwenye ngamia wengi?"

"Mkwe bado. Wewe ndiyo unakwenda."

"Shule haiendi popote. Mkuu mpya amefika, ana shahada."

"Shahada italala mlangoni?"

Tangu bweni lifunguliwe, kitanda cha Zipora kilikuwa mlangoni mwa wasichana, na Mbaabu alilala peke yake nyumba ya pili, akilalamika kwamba kanisa limemwoza kisha likamnyang'anya mke. Zipora alikiona kitanda kile kuwa kazi ndogo ya ulinzi. Hakujua kwamba visimani kote ng'ambo watu walikizungumzia.

"Wallahi, mimi sikuleta msichana shule," Korane alisema. "Nilileta yeye kwako. Mama yake aliuliza, usiku nani iko na yeye? Nikasema iko mama mzee moja, hata panya ikipita anaamka. Huyu mkuu mpya bibi yake iko Nairobi. Sasa usiku nani iko?"

"Na baba za wengine?"

"Gelle iko ng'ambo, anatafuta mtumbwi. Wengine nyuma yake."

Zipora akaanza kupatana bei kama yuko sokoni. "Nikikupa mwanamke wa kwenu, Mwislamu, mtu mzima, alale pale mlangoni?"

"Nani?"

"Hadiyo."

Korane alifikiri. "Hadiyo ile mjane alipika hapa? Akikubali, mimi narudi na kamba yangu. Hata Gelle nitamrudisha. Nangoja mpaka kesho."

Zipora alivuka siku hiyohiyo, akaenda mtaa wa Galbet, mjini Garissa. Hadiyo alikuwa na duka la maziwa na vitambaa, na wajukuu wakipanda magunia nyuma yake.

"Mama, leo umekuja bila kikapu," Hadiyo alisema akimmiminia chai. "Basi hununui."

"Nimekuja kuomba."

"Wewe? Kuomba? Ngoja niite majirani waone!"

Lakini aliposikia ni kazi ya bweni, kicheko kilipungua.

"Ni ile kazi niliyokuomba mimi?"

"Ndiyo hiyo."

"Bado inataka mtu wa kanisa?"

Hayo yalikuwa maneno ya Zipora mwenyewe. Wakati ule Hadiyo alikuwa amefiwa karibuni, akaomba awe msaidizi wa bweni, na Zipora akamjibu kwa upole kwamba nafasi ni ya waumini wa kanisa. Alimpa sukari ya kwenda nayo, akajipongeza kwa kulimaliza jambo bila ugomvi.

"Nitazungumza na wakubwa wa kanisa," Zipora alisema.

"Utazungumza nao ukiwa Meru." Hadiyo alimvuta mjukuu aliyekuwa karibu kuanguka. "Wakati ule ningelala hata chini, Mama. Wasichana wangenizoea, baba zao wangeniona niko nawe. Leo nina hawa. Mama yao yuko kambini Dadaab anauza nguo. Nikivuka mto, hawa watalala na nani?"

Zipora aliongeza chumba cha wajukuu, akaongeza chakula cha jikoni, akaongeza ahadi ya Mbaabu kumsemea kwa mkuu mpya. Hadiyo alimsikiliza kwa adabu, kama mtu ambaye mali yake imeshanunuliwa na mwingine.

"Una hasira nami?"

"Nilikuwa nayo. Iliisha niliponunua friji ya duka hili."

Jioni Mbaabu alikuwa akifunga vitabu ambavyo hawezi tena kuvisoma.

"Uliniambia nimpe ile kazi," Zipora alisema.

"Nilikuambia, ukakataa, nikafurahi umekataa. Mkuu wa shule nilikuwa mimi, mke wangu. Ningeweza kumwandika. Niliogopa askofu ataniuliza."

"Angeuliza."

"Angeuliza mara moja, kisha angesahau."

Zipora alikwenda kulala mlangoni.

Asubuhi mitumbwi ya akina baba ilikuwa imepangana ukingoni. Korane alifunga godoro vibaya. Zipora alimnyang'anya kamba, akalifunga upya.

"Mama, nirudi lini?" Fowsiya aliuliza.

"Sijui," Zipora alisema. Kisha akamgeukia baba yake. "Usimwoze kabla ya mtihani."

"Nimesikia."

"Umesikia au umekubali?"

Korane aliliweka godoro ndani ya mtumbwi, akamshika binti yake mkono ili apande.

"Nimesikia, Mama," alisema, akaisukuma ile ncha ya mtumbwi kutoka kwenye tope.