Kaka Norman na Ukoo wa Liki

"Nellie, mwenzangu, hivi huyu kijana wa jeshi la anga, kwa nini kapigwa picha amepakata liki kama mtoto mchanga?"

Aliniuliza hivyo jirani yangu Audrey, wiki aliyohamia mtaani kwetu, amesimama mbele ya picha iliyo juu ya meko. Nyumba nyingi hapa zina picha za vijana wao wa vita, wamenyooka, kofia upande. Wangu anacheka, na liki, ile mboga ya jamii ya vitunguu, imelala mkononi mwake, nene kama mguu wa mtoto. Nikamwambia akae kwanza, maana habari yenyewe haisimuliwi wima.

Huyo ni kaka yangu, Norman Hindmarsh. Aliingia mgodini akiwa na miaka kumi na minne, kama baba, kama babu. Chini ya ardhi alichimba makaa, juu alilima liki. Kwetu Northumberland mwanamume hapimwi kwa mshahara, maana mshahara wa wote ulikuwa uleule. Hupimwa Septemba, siku ya mashindano ya liki. Na liki ya mashindano haitoki dukani. Ile bora unaiacha ichanue, na juu ya ua lake huota vichipukizi vyembamba kama nyasi. Hivyo ndivyo vinavyopandwa. Kwa hiyo kila nyumba ina ukoo wake wa liki, na ukoo hautolewi nje. Baba alizoea kusema, "Binti yangu nitamwoza kwa yeyote anayemcha Mungu. Kichipukizi changu, hapana."

Ukoo wetu waliulea pamoja, yeye na Norman, tangu Norman hajafikia urefu wa koleo.

Ng'ambo ya ua aliishi Bwana Isaac Proudlock, naye mchimba makaa, naye mkulima wa liki. Mwaka mmoja kabla ya vita, mkesha wa mashindano, mtu alipita akazikatakata liki za baba kwa kisu. Hatukumjua ni nani. Baba alisema yeye anamjua. Tangu hapo wazee hao wawili walisali kanisa moja na kuimba tenzi zilezile, lakini hata salamu hawakupeana.

Vita vilipokuja, wachimba makaa hawakuruhusiwa kuacha mgodi, isipokuwa anayekubali kuruka na ndege. Norman akaenda kujiandikisha, kisha ndipo akatuambia.

"Kwa hiyo umechoka kuwa fuko," baba akamwambia, "sasa unataka kuwa kunguru?"

"Angalau kunguru anaona jua, baba."

"Jua gani, na nyinyi mnaruka usiku?" mama akadakia kutoka jikoni.

Tulicheka. Ilikuwa nyumba ya kucheka ile.

Wakamfanya fundi wa injini katika ndege ya mabomu, anayekaa kando ya rubani. Septemba ya mwaka arobaini na tatu akapata likizo, akawahi mashindano. Liki yetu ilikuwa ya pili. Ya kwanza ilikuwa ya Proudlock, na baba hakugusa chakula chake.

"Baba, ni ya pili, si msiba," Norman alisema. Akaibeba ile liki, akaenda kupigwa picha nayo.

Jioni hiyo alinisaidia kukausha vyombo. Akashika sahani moja muda mrefu.

"Nellie, kule chini tunakoangusha mabomu nako wana bustani. Mwezi ukiwaka naziona."

Tangu siku hiyo niliwaombea waliokuwa juu na waliokuwa chini, na naamini Mungu hakunikasirikia.

Januari ndege yao haikurudi kutoka Berlin. Telegramu ilisema hajulikani alipo. Baadaye ikathibitishwa kwamba wote saba wamekufa. Kaburi hatukupewa.

Baba aliendelea kwenda mgodini, ila bustanini hakukanyaga tena. Vichipukizi vilikuwa kwenye kibanda cha vioo, na vilihitaji taa ya mafuta kila usiku visije vikaganda. Taa haikuwashwa. Mimi na mama tulidhani yeye anaiwasha, naye alikuwa hata hakumbuki kwamba ipo. Mwezi Machi alipofungua mlango, sakitu, ile baridi ya barafu, ilikuwa imevimaliza vyote, vimelala vyeusi kwenye udongo. Nilimkuta ameketi juu ya ndoo.

"Hiki ndicho alichoniachia, Nellie. Nimemuua mara ya pili."

Nilianza kumsomea zaburi. Akasema kwa upole, "Baadaye, mwanangu."

Jumamosi iliyofuata mlango ukagongwa. Alikuwa Proudlock, na boksi lililofunikwa gunia.

"Jacob," akamwita baba.

"Unataka nini?"

"Niingie, au nigande hapa nje?"

"Ganda."

"Jacob Hindmarsh!" mama akafoka. "Hii nyumba ya Wakristo au zizi? Ingia, Bwana Isaac."

Akaliweka boksi mezani, akafunua gunia. Vichipukizi, vimesimama safu safu, vya kijani chenye usamawati kidogo. Baba alivitambua kama mtu anavyotambua mwendo wa mwanawe njiani.

"Mwizi wewe! Umeviiba lini?"

"Ningekuwa mwizi ningekushinda navyo, mzee mjinga we, nisingekuletea mpaka mezani! Kijana wako ndiye aliyenipa. Asubuhi ile likizo yake ilipokwisha aliruka ua, kavifunga ndani ya kitambaa."

"Norman? Akupe wewe?"

"Hata mimi nilishangaa."

"Na hukuja miezi yote hii?"

Proudlock akatazama sakafu. "Nimefika langoni kwako kila Jumapili tangu ile telegramu. Nikiona pazia limeshushwa, narudi. Nilikuogopa, Jacob. Nilijua nikikupa hivi, nitakuwa nakwambia kwamba harudi."

Baba alikuwa ameingiza vidole kwenye udongo wa boksi, anapapasa mizizi, na machozi yanamtiririka bila kuyafuta. Baadaye, bila kuinua macho, akauliza, "Alisemaje?"

Proudlock akavua kofia, akatuambia kama alivyoambiwa:

"Bwana Isaac, nitunzie hivi, usimwambie baba. Nikirudi utanipa mwenyewe. Nisiporudi, mpelekee, halafu mvipande pamoja."